Programu ya vikoba, GPL toleo la 2, na maktaba zinazogoma kukaa pamoja

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tuko watatu hapa Morogoro, tumetengeneza programu ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii. Tumeiandika kwa Python na Django, na sasa vikundi kumi na vinne vinaitumia kupitia seva yetu. Tunataka kuuachia msimbo wake chini ya leseni ya GPL toleo la 2, anayeutaka auchukue. Mwenzetu mmoja anasema tusijisumbue kukagua leseni za maktaba tulizotumia, kwa kuwa zote ni huria na zote zimetoka PyPI, ghala la vifurushi vya Python. Mwingine amechapisha orodha akakuta vifurushi 87, akaogopa. Tunatumia requests kuwasiliana na mtoa huduma za miamala, PyMuPDF kusoma taarifa za PDF, mysqlclient kwa hifadhidata, python-slugify, na TinyMCE kwenye ukurasa wa matangazo. Tutajuaje kama leseni zake zinakubaliana? Na kuna kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeandika sehemu ya ripoti kisha akaondoka. Naye anahusika?

Jibu: Marahaba. Kwanza hongereni, maana vikundi kumi na vinne kuwakabidhi hesabu zao si jambo dogo.

Mwenzenu anayesema zote ni huria hajakosea, ila amejibu swali ambalo halikuulizwa. Programu kuwa huria maana yake unaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Kukubaliana kwa leseni ni jambo jingine: je, mtu mmoja anayegawa programu moja anaweza kutimiza masharti ya leseni zote zilizomo kwa mpigo, bila kuvunja hata moja? Leseni mbili zaweza kuwa huria kabisa, kila moja kivyake, na bado zikashindikana kuwekwa chungu kimoja. Mifano miwili imo kwenye orodha yenu wenyewe, na yote miwili inagongana na leseni hiyohiyo mliyoichagua.

Wa kwanza ni requests. Leseni yake ni Apache 2.0, ya Januari 2004, na ndani yake kuna kifungu cha hataza (patent, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake): ukimshtaki mtu kwamba programu hii imevunja hataza yako, ruhusa ya hataza uliyokuwa umepewa inakatika. Ni kifungu cha busara. Lakini GPL toleo la 2, iliyoandikwa 1991, inasema kwenye kifungu cha 6 kwamba mpokeaji wa programu hawekewi masharti mengine zaidi ya yaliyomo kwenye GPL yenyewe. Kifungu cha hataza cha Apache ni sharti la nyongeza. Ukitii moja umeivunja nyingine. Free Software Foundation, ambao ndio waandishi wa GPL, wanaisoma hivyo, na GPL toleo la 3 ya Juni 2007 iliandikwa kwa namna ambayo sasa inaipokea Apache 2.0 bila ugomvi.

Wa pili ni PyMuPDF. Hiyo iko chini ya AGPL toleo la 3, ndugu ya GPL inayozifuata hata programu zinazotumiwa kupitia mtandao. GPL toleo la 3 ina kifungu cha 13 kinachoruhusu waziwazi kuungana na AGPL toleo la 3. Toleo la 2 halina kitu kama hicho, wala lisingeweza kuwa nacho, maana AGPL hiyo ilizaliwa miaka 16 baadaye.

Leseni hufuata mkondo kama maji. Ninyi mnaijua Ngerengere: inateremka, inaingia Ruvu, na kuanzia hapo maji yote yanaitwa Ruvu. Hakuna siku Ruvu itapanda kuingia Ngerengere. Vivyo hivyo msimbo wenye leseni nyepesi za MIT au BSD unaingia kwenye mradi wa Apache, wa Apache unaingia kwenye mradi wa GPL toleo la 3, na wa GPL toleo la 3 unaungana na wa AGPL toleo la 3. Kurudi hakuna. Kwa hiyo mtu akiuliza kama MIT na GPL zinakubaliana, mwulizeni nani anamwingia nani. Na GPL toleo la 2 peke yake ni bwawa la pembeni: MIT na BSD zinaingia, LGPL 2.1, ile GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba, inaingia, lakini Apache 2.0 haiingii, na kilichomo hakitoki kwenda toleo la 3.

Nimesema "peke yake" kwa makusudi. Kuna maneno ambayo watu huyaruka wakinakili faili la LICENSE kutoka mradi wa jirani: "au toleo lolote la baadaye". Mradi ukiandika hivyo, basi si bwawa tena, kwani mpokeaji anaweza kuupeleka kwenye toleo la 3 na kutoka huko ukapokea Apache na AGPL. Kwa muda mrefu watu waliandika "GPL-2.0" tu na hakuna aliyejua wanamaanisha lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo sababu SPDX, ule mfumo wa vitambulisho vya leseni, ulikitupa kitambulisho hicho na kuleta viwili: GPL-2.0-only na GPL-2.0-or-later. Mkikuta kifurushi bado kinasema GPL-2.0 bila mkia, msikisie. Fungueni faili la msimbo msome mistari ya juu kabisa, pale mwandishi alipotaja jina lake na mwaka. Hapo ndipo jibu lilipo.

Sasa hizo 87. Mwenzenu asiogope. Kwenye miradi ya Python ninayoikagua, sehemu kubwa ya orodha huwa ni MIT, BSD na Apache, na hizo humalizika kabla chai haijapoa. Kazi ni ile michache inayobaki. Ndani ya mazingira yaleyale programu yenu inapoendeshwa, wekeni chombo kiitwacho pip-licenses, kisha andikeni:

pip-licenses --order=license

Itapanga vifurushi kwa leseni. Django itaonekana kwenye BSD, urllib3 kwenye MIT, na certifi, inayovutwa na requests, kwenye MPL 2.0. Hiyo MPL isiwatishe. Masharti yake yanakaa kwenye faili: ukibadilisha faili lao, faili hilo linabaki wazi, na mengine yako ni yako. Tena imeandikwa ili ikubaliane na familia ya GPL. Mtakapofika kwa text-unidecode, iliyoingia kwa mgongo wa python-slugify, mtaona kitu cha namna hii:

text-unidecode  1.3  Artistic License; GNU General Public License (GPL); GNU General Public License v2 or later (GPLv2+)

Tazameni hizo nukta-mkato. Zinamaanisha "na" au "au"? Chombo hakijui. Kimekusanya vibandiko ambavyo mwandishi alivibandika PyPI kikaviunga kwa nukta-mkato. Ukisoma faili la leseni la kifurushi chenyewe, unakuta ni "au": unachagua unayoitaka. Kwenye tqdm, ambayo watu wengi huitumia kuonyesha kazi imefikia wapi, ni "na": MPL 2.0 na MIT, zote zinakuhusu. Tofauti ya "na" na "au" ndiyo tofauti ya kulala na kukesha, na orodha ya mashine imeifuta.

Mkitaka kujua nani kamleta nani, tumieni pipdeptree kwa kinyume, yaani kwa alama -r na -p na jina la kifurushi mnachokishuku. Mnyororo huo umewahi kuwasumbua wakubwa. Apache Airflow, wenye sera ya kutotegemea GPL, walijikuta wanategemea maktaba ya michoro, nayo inategemea python-slugify, nayo enzi hizo inategemea Unidecode yenye GPL. Kwenye toleo la 1.10, mwaka 2018, usakinishaji uligoma kabisa mpaka uweke kigezo kinachosema unataka ipi kati ya Unidecode na text-unidecode. Na requests yenyewe, kwenye toleo la 2.26.0 la Julai 2021, iliiacha chardet yenye LGPL na kuchukua charset_normalizer yenye MIT, ili wanaoifungasha ndani ya programu zao waondokane na utata wa leseni. Ninyi mnaoelekea upande wa GPL hayo hayawaumizi. Nayataja mjue kwamba leseni ya kifurushi ni ya toleo, si ya jina.

TinyMCE ndiyo fundisho zuri zaidi la hilo. Toleo la 5 lilikuwa LGPL. Toleo la 6 likawa MIT. Toleo la 7, la mwaka 2024, likawa GPL toleo la 2 au la baadaye. Jina moja, kihariri kilekile machoni pa katibu wa kikundi anayeandika tangazo la kikao, leseni tatu. Hamkuniambia mna toleo gani. Bahati yenu yote matatu yanaingia kwenye GPL toleo la 3, lakini mngekuwa mradi wa MIT mliokuwa mmetulia kwenye toleo la 6, amri moja ya kusasisha ingewahamisha nyumba usiku. Kwa hiyo andikeni namba ya toleo kwenye requirements na kwenye package.json, yale mafaili yanayoorodhesha vifurushi, na orodha ya leseni itengenezwe upya kila namba inapobadilika.

Na tukiwa bado kwenye TinyMCE: watu wa seva husema "sisi hatugawi programu, tunatoa huduma tu". Kwa msimbo wa Python ulio kwenye seva yenu, sawa. Lakini JavaScript inasafiri. Kila katibu akifungua ukurasa, nakala ya faili hilo inashuka kwenye simu yake. Hapo mmegawa, na masharti ya kugawa yanawahusu, hata ule mstari wa hakimiliki ulio juu ya faili ambao vyombo vya kubana mafaili hupenda kuula.

Mysqlclient nayo ina ghorofa ya chini. Kifurushi cha Python ni GPL toleo la 2 au la baadaye, kwa hiyo kinapanda kwenda la 3 bila shida. Lakini hicho ni ganda tu. Chini yake kuna maktaba ya C inayozungumza na hifadhidata, na hiyo pip-licenses haiioni kwa sababu haikuletwa na pip. Ikiwa ni libmysqlclient ya Oracle, ni GPL toleo la 2, ambayo peke yake ingegoma na toleo la 3, isipokuwa wameiwekea msamaha maalumu kwa ajili ya programu huria. Ikiwa seva yenu ni Debian na mlisakinisha default-libmysqlclient-dev, basi mnatumia ya MariaDB, ambayo ni LGPL 2.1 au ya baadaye. Njia zote mbili mko salama, ila andikeni kwenye kumbukumbu zenu ni ipi, maana miaka miwili kutoka sasa atakayeuliza hatakuwa na subira kama yangu.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapoangukia. Chombo cha kukagua kinasoma kibandiko. Hakifungui gunia. Machi 2021 wenye Ruby on Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti, walilijua hilo kwa uchungu. Kulikuwa na kifurushi kidogo kiitwacho mimemagic, kazi yake kutambua faili ni la aina gani: picha, PDF, sauti. Kibandiko kilisema MIT. Rails ilikuwa inakivuta kupitia kifurushi kingine kiitwacho marcel, kwa hiyo kilikuwemo kwenye tovuti zisizohesabika, na kila aliyeendesha chombo cha leseni aliona MIT akapita. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na faili moja la XML, orodha ya aina za mafaili, lililochukuliwa kutoka mradi wa shared-mime-info wa freedesktop.org. Faili hilo lilikuwa GPL. Mtunzaji wa shared-mime-info alipoligundua akawaandikia. Mwenye mimemagic akafanya alichoona ni haki: akatoa toleo jipya chini ya GPL na kuyaondoa ya zamani yenye kibandiko cha MIT. Asubuhi watu duniani kote wakaamka, wakaendesha usakinishaji wa kawaida, na kifurushi hakipo. Rails ikabidi itoe matoleo matatu kwa siku moja, 5.2.5, 6.0.3.6 na 6.1.3.1, tarehe 26 Machi, yakitumia marcel mpya iliyochukua orodha yake kutoka Apache Tika.

Tazameni kilichokosewa. Hakukuwa na mwizi wala mjanja. Kulikuwa na mtu aliyeona orodha nzuri ya aina za mafaili, akaitia kwenye folda, akaendelea na kazi. Faili moja la data, hata msimbo si msimbo. Kila aliyekuja nyuma yake alisoma kibandiko.

Kwa hiyo vile vifurushi vilivyo muhimu kwenu, vifungueni. Kifurushi cha Python chenye mkia wa whl ni zip tu. Badilisheni mkia au tumieni unzip -l na mtazame yaliyomo. Chukueni psycopg2-binary, ambayo watu wa PostgreSQL huipenda: ukiifungua ya Linux unakuta folda yenye mkia wa .libs, na humo ndani kuna libpq, libssl, libcrypto na wenzao, wamebebwa mmoja mmoja. Kila mmoja ana leseni yake. Ile libssl ni ya OpenSSL, iliyogombana na GPL kwa miaka mingi kwa sababu ya sharti la kutaja jina lake kwenye matangazo. Tangu toleo la 3.0 la Septemba 2021 iko Apache 2.0. Opencv-python inabeba FFmpeg na, kwenye Linux, Qt, zote LGPL. Kwenye orodha ya pip huoni hata moja. Mkitaka mashine iwasaidie kutazama ndani, ScanCode inasoma kila faili na kutafuta maneno ya leseni. Ni ya polepole, na italeta kelele nyingi, lakini ingeliona lile faili la XML.

Kisha ingieni kwenye folda yenu ya static, ile yenye JavaScript, picha na aikoni. Naijua mno folda hiyo. Niliwahi kuitwa na taasisi moja niukague mfumo wake kabla ya kuuweka wazi. Orodha ya vifurushi ilikuwa safi kama sahani ya Idi. Kwenye static nikakuta faili limeitwa grafu.min.js, mstari mmoja mrefu usio na jina la mtu. Nilinakili kipande chake nikakitafuta, nikakuta ni maktaba ya michoro ya kampuni inayoruhusu matumizi ya bure kwa wasiofanya biashara tu. Aliyeileta alikwisha hama kazi, na kabla ya kuondoka kuna mtu alikata maelezo ya juu "ili ukurasa ufunguke haraka". Tulibadilisha na Chart.js, ambayo ni MIT, na kazi ikachukua wiki kwa sababu michoro ilikuwa kumi na moja. Sharti la kutofanya biashara si huria, hata kama hamlipi shilingi. Aikoni na picha zenye CC BY-NC ni hivyohivyo.

Humo static na kwenye mafaili yenu ya Python tafuteni pia vipande vilivyonakiliwa. Majibu ya Stack Overflow yako chini ya Creative Commons BY-SA, na toleo linategemea yaliandikwa lini. Yale ya kuanzia Mei 2018 ni 4.0, na BY-SA 4.0 inaruhusiwa kuingia GPL toleo la 3, njia moja, tangu Oktoba 2015. Mistari miwili ya kupanga tarehe haina shida. Fomula nzima ya kukokotoa riba mliyoibeba kama ilivyo, itajeni ilikotoka.

Msimbo uliochukuliwa GitHub kwenye mradi usio na LICENSE yoyote ndio mbaya kuliko yote, na kwetu ni mwingi. Kuonekana hadharani si kuruhusiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na maandishi mengine, na haki za mwandishi zinaanza pale anapoandika, bila usajili. Pasipo leseni, jibu ni hapana mpaka aseme ndiyo. Mwandikieni kwa adabu mkimwomba aongeze leseni. Wengi hufanya siku hiyohiyo, walikuwa wamesahau tu.

Vifaa vya kujengea, kama pytest na vya kupanga msimbo, mviache. Havimo ndani ya mnachokigawa. Redis nayo, kama mnaitumia, inakaa kama programu ya pembeni mnayozungumza nayo kwa mtandao. Mabadiliko yake ya leseni ya Machi 2024 yanawahusu kama watumiaji wa seva yake, lakini hayaugusi msimbo wenu.

Turudi kwenye uamuzi. GPL toleo la 2 peke yake haiwezekani na orodha hii. Mkiandika "toleo la 3 au la baadaye", requests inaingia, mysqlclient inaingia, TinyMCE inaingia, na PyMuPDF inaungana kwa kile kifungu cha 13. Lakini hapo kuna jambo ambalo pengine hamkulitarajia. AGPL inasema anayeitumia programu iliyobadilishwa kupitia mtandao apewe nafasi ya kupata msimbo wake. Free Software Foundation wanahesabu kuiunganisha maktaba ndani ya programu yako kuwa umetengeneza kazi mpya inayoifuata leseni hiyo. Kuna wanasheria wanaoisoma kwa wepesi zaidi, ila Artifex, wenye PyMuPDF, wanauza leseni ya kibiashara kwa ajili ya wale wasioyataka masharti hayo, kwa hiyo nisingejenga juu ya wepesi huo. Maana yake ni kwamba deni halianzi siku mtakapoweka msimbo GitHub. Vikundi kumi na vinne vinaitumia leo kupitia seva yenu. Deni limeshaanza.

Mna njia mbili. Mkiitoa PyMuPDF, kusoma maandishi ya PDF mnaweza kutumia pypdf yenye BSD au pdfplumber yenye MIT. Ni za polepole zaidi, na majedwali ya taarifa za miamala yatawasumbua siku mbili tatu, lakini yanasomeka. Hapo mtabaki na GPL toleo la 3 kwa sababu ya mysqlclient. Mkiibadilisha nayo kwa PyMySQL yenye MIT, na kihariri kikabaki toleo la 6, mnaweza hata kuchagua Apache 2.0. Kuna wanaopendekeza ujanja wa kuiweka PyMuPDF kwenye programu ndogo ya pembeni inayoitwa kwa amri. Programu mbili zinazopeana mafaili kweli huhesabiwa kuwa mbili, lakini ile ndogo bado ni AGPL na bado ina deni lake. Ujanja huo mtaufanya mkiwa na sababu ya kiufundi, msiufanye kukimbia leseni.

Njia ya pili ndiyo ningeifuata mimi: acheni PyMuPDF mahali pake na mradi mzima muuweke chini ya AGPL toleo la 3 au la baadaye. Fikirini mlichoandika. Programu ya vikoba haigawiwi kwa flashi. Inakaa kwenye seva na watu wanaifikia kwa simu. Kwa GPL ya kawaida, mtu aweza kuichukua, akaiboresha, akaiweka kwenye seva yake na kutoza vikundi kila mwezi bila kumwonyesha yeyote mstari mmoja, wala hajavunja chochote, kwa kuwa hajagawa. AGPL inaziba tundu hilo. Ushahidi, iliyozaliwa Nairobi mwaka 2008, nayo inaendeshwa kwenye seva, na jukwaa lao liko AGPL. Hasara ipo: baadhi ya kampuni haziigusi kabisa, Google wameipiga marufuku ndani ya kampuni yao na wameandika hivyo hadharani. Mnavyoonekana, hamkuwa mnaiandikia Google.

Mkishachagua, wekeni LICENSE kwenye mzizi wa mradi, na juu ya kila faili mstari wa SPDX-License-Identifier wenye AGPL-3.0-or-later. Chombo kiitwacho reuse, cha Free Software Foundation Europe, kitawaonyesha faili lililosahaulika. Matangazo ya hakimiliki ya vifurushi vya MIT na BSD myahifadhi, na NOTICE za Apache zinapokuwepo mzibebe. Weka kiungo cha "pata msimbo" chini ya kila ukurasa. Katibu wa kikundi hatakibonyeza kamwe, lakini kiwepo.

Halafu kijana wa mafunzo. Anahusika, tena sana. Hamwezi kuuweka chini ya leseni msimbo usio wenu. Kama hakuwa ameajiriwa na hamkuandikishiana chochote kuhusu haki za kazi yake, chukulieni kwamba alichoandika ni chake. Endesheni git shortlog -sn muone amechangia kiasi gani, kisha git blame kwenye mafaili ya ripoti muone nini bado kipo, maana mara nyingi nusu imekwisha andikwa upya bila mtu kukumbuka. Mwandikieni ujumbe mfupi, kwa barua pepe na si kwa kumpigia: "Tunaweka programu ya vikoba chini ya AGPL toleo la 3 au la baadaye. Je, unakubali sehemu uliyoandika iwe chini ya leseni hiyo? Jina lako litabaki kwenye orodha ya waandishi." Akijibu ndiyo, jibu lake lihifadhiwe pamoja na kumbukumbu za mradi. Akikataa au asipopatikana, ripoti iandikeni upya kwa kufuata maelezo ya inavyotakiwa kufanya kazi, na anayeiandika asiwe amelifungua faili la zamani pembeni.